Seva inavyohariri maelfu ya picha bila fundi kuwapo

KILA anayefungua ukurasa wa habari kwenye intaneti hukutana na picha kabla hajasoma neno la kwanza. Huenda ni picha ya kiongozi akihutubia, mchezaji akishangilia bao, au barabara iliyofurika maji ya mvua. Msomaji huiona ikiwa imekaa vizuri ndani ya nafasi yake, nyepesi kiasi cha kufunguka upesi hata kwenye simu ya bei nafuu. Ni wachache wanaojiuliza ni nani aliyeipunguza picha hiyo kutoka ukubwa iliokuwa nao ilipotoka kwenye kamera.

Katika tovuti nyingi, jibu ni kwamba hakuna mtu aliyeigusa. Kazi hiyo imefanywa na programu ya kuhariri picha iliyowekwa kwenye seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti na kuwapelekea wasomaji kurasa zake. Kwa kawaida kompyuta hiyo haina kioo, kibodi wala kipanya. Hutekeleza amri zilizoandikwa siku nyingi kabla picha yenyewe haijapigwa, na huzitekeleza kwa picha moja au kwa picha laki moja bila kuchoka.

Utaratibu huu ndio unaoitwa kuhariri picha kwa mkupuo. Una manufaa makubwa, lakini pia una hatari ambazo wamiliki wengi wa tovuti huzifahamu baada ya kuumia. Mtambo usio na msimamizi hutenda mema na mabaya kwa kasi ile ile, na kila tahadhari ambayo binadamu angeichukua akiwa mbele ya kioo haina budi kuandikwa ndani ya amri mapema.

Kwa nini picha zipunguzwe

Chukua picha iliyopigwa kwa simu ya kawaida ya siku hizi. Ina upana wa nukta 4,000 na kimo cha nukta 3,000, jumla ya nukta milioni 12. Ikihifadhiwa kwa mfumo wa JPEG, ambao umekuwa ukitumika tangu mwaka 1992, inaweza kuwa na uzito wa megabaiti nne. Lakini nafasi ya picha katika ukurasa wa habari mara nyingi haizidi nukta 1,200 kwa upana. Nukta zote zinazobaki husafirishwa hadi kwenye simu ya msomaji, kisha hazionekani.

Gharama ya upotevu huo humwangukia msomaji. Ukurasa wa mbele wenye picha 20 za namna hiyo utakuwa na uzito wa megabaiti 80. Picha hizo hizo zikipunguzwa hadi kilobaiti 150 kila moja, ukurasa mzima unakuwa na megabaiti tatu tu. Kwa mtu anayenunua kifurushi cha data cha siku, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama atasoma habari hadi mwisho au kifurushi kitakatika akiwa njiani.

Ni kweli kwamba hali ya intaneti katika Afrika Mashariki imebadilika sana tangu mkongo wa SEACOM ulipofika pwani yetu mwaka 2009, na kupunguza utegemezi wa setilaiti uliokuwapo hapo awali. Hata hivyo, kasi ya mkongo wa baharini haimpunguzii msomaji malipo ya kila megabaiti inayoingia kwenye simu yake.

Sasa tuchukulie kwamba tovuti ina hazina ya picha 20,000. Fundi hodari akitumia dakika tatu kwa kila picha, yaani kuifungua, kuipunguza, kuihifadhi na kuifunga, atahitaji dakika 60,000, sawa na saa 1,000. Akifanya kazi saa nane kwa siku bila kupumzika Jumamosi wala Jumapili, atamaliza baada ya siku 125. Seva inayotumia sekunde moja kwa kila picha itaimaliza kazi hiyo kwa muda wa saa tano na nusu hivi. Ikianza saa tano usiku, wafanyakazi watakapoingia ofisini asubuhi wataikuta imekwisha.

Programu isiyofungua dirisha

Watu wengi wanapofikiria kuhariri picha hufikiria dirisha lenye vitufe na brashi za rangi. Lakini programu ya kuhariri picha ina sehemu mbili. Ya kwanza ni uso unaoonekana kwenye kioo. Ya pili ni injini inayofanya hesabu za kubadilisha nukta. Ili kufanya kazi kwenye seva, injini hiyo haina budi kuweza kufanya kazi peke yake bila uso.

Programu mbili zisizouzwa zimejijengea jina katika kazi hii. Ya kwanza ni GIMP, iliyoanzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis. Ya pili ni ImageMagick, ambayo John Cristy alianza kuiandika mwaka 1987 alipokuwa katika kampuni ya kemikali ya DuPont nchini Marekani, alipotakiwa kuonyesha picha zenye rangi nyingi kwenye vioo vilivyomudu rangi 256 tu. Ilitolewa kwa umma Agosti mwaka 1990.

Tofauti ya asili zao bado inaonekana katika matumizi. GIMP ilitengenezwa kwa ajili ya mtu aliyeketi mbele ya kioo, na uwezo wake wa kufanya kazi kwa mkupuo ulifuata njia hiyo. Kwa miaka mingi, hata ilipoambiwa isifungue dirisha lolote, bado ilidai kuwapo kwa mfumo wa kuonyesha picha, jambo ambalo seva nyingi hazina. Mafundi walilazimika kuweka programu nyingine ya kuighilibu GIMP iamini kwamba kioo kipo. Baadaye lilitolewa toleo linaloendeshwa kwa maandishi matupu, na usumbufu huo ukapungua.

ImageMagick kwa upande wake ni mkusanyiko wa amri fupi zinazoandikwa kwa mkono. Haina desturi ya kusubiri mtu abonyeze kitufe. Kwa sababu hiyo, mwenye kazi nyepesi ya kupunguza, kukata au kubadilisha mfumo wa picha huanza na ImageMagick, na mwenye kazi ya kisanii zaidi, kama vile kutengeneza maandishi yenye vivuli au kuunganisha tabaka kadhaa za picha, huigeukia GIMP.

Amri moja, picha elfu

Mfano mmoja utalifanya jambo hili lieleweke. Tuseme picha zote za JPEG zilizomo katika folda fulani zinatakiwa kupunguzwa hadi upande mrefu usizidi nukta 1,200, na nakala zilizopunguzwa ziwekwe katika folda nyingine iliyokwisha kutengenezwa, inayoitwa ndogo. Kwa ImageMagick amri yake ni hii:

mogrify -path ndogo -auto-orient -resize "1200x1200>" -quality 80 *.jpg

Katika matoleo mapya neno magick hutangulia, lakini yanayofuata ni yale yale. Kila kipande cha amri hiyo kina kazi yake. Alama ya mshale baada ya namba inaagiza kwamba picha kubwa tu ndizo zipunguzwe, na zilizo ndogo tayari zisivutwe zikawa na ukungu. Namba 80 ni kiwango cha ubora, kinachopunguza uzito wa faili bila jicho la kawaida kuona upungufu. Nyota iliyo mwishoni ndiyo inayobeba mkupuo wote, kwa maana ya kila faili yenye kiambishi cha jpg.

Kipande kinachopaswa kuchungwa kuliko vyote ni kile kinachotaja folda ya kuweka nakala. Amri ya mogrify isipoelekezwa mahali pengine huandika juu ya faili ile ile iliyoisoma. Aliyeisahau folda hiyo hugundua asubuhi kwamba picha asilia 20,000 zimegeuka kuwa ndogo, na hakuna njia ya kuzirudisha nukta zilizotupwa. Aidha, mfumo wa JPEG hupoteza sehemu ya taarifa kila picha inapohifadhiwa upya. Hivyo nakala zote hazina budi kutengenezwa kutoka kwenye picha asilia, wala si kutoka kwenye nakala ya nakala.

Kwa GIMP utaratibu ni mrefu kidogo. Fundi huandika programu ndogo kwa lugha inayoitwa Script-Fu, yenye kueleza hatua kwa hatua: fungua faili, badilisha ukubwa, hifadhi, nenda kwenye faili inayofuata. Kisha huiita GIMP kwa kuiambia isionyeshe dirisha, iendeshe programu hiyo, na mwishowe ijifunge. Agizo la kujifunga lina uzito wake, kwani likisahaulika GIMP hubaki imekaa kwenye kumbukumbu ya seva ikisubiri agizo jingine. Kazi ikiitwa kila saa, baada ya siku moja kutakuwa na GIMP 24 zilizokaa kimya zikila nafasi. Mwenye programu za zamani afahamu pia kwamba GIMP 3.0, iliyotoka Machi mwaka 2025, ilibadilisha baadhi ya maagizo, na zinahitaji kupitiwa upya.

Kuna jambo jingine linalowasumbua wanaoanza. Programu ya GIMP huchukua muda kuamka, kwa kuwa hupakia brashi, ruwaza na fonti zake zote. Tuseme inachukua sekunde tano. Ikiamshwa upya kwa kila picha, picha 20,000 zitapoteza sekunde 100,000 kwa kuamka peke yake, yaani zaidi ya saa 27. Dawa ni kuiamsha mara moja na kuikabidhi orodha nzima. Inawezekana pia kuizuia isipakie fonti na brashi ambazo kazi haizihitaji.

Mtumishi asiye na nyumba

Amri iliyofanya kazi vizuri fundi alipoijaribu inaweza kukataa kabisa inapoitwa na tovuti yenyewe, na wengi hukata tamaa hapa. Sababu yake mara nyingi ni ndogo. Kwenye seva za Linux, programu inayohudumia tovuti huendeshwa kwa jina la mtumiaji maalumu aliyenyimwa mamlaka kwa makusudi. Hana folda yake ya nyumbani anayoweza kuandika, na hawezi kugusa faili za wengine.

GIMP inapoamka hutafuta folda ya nyumbani ili iweke mipangilio yake. Isipoipata hugoma, na ujumbe wa kugoma kwake huishia kwenye faili ya kumbukumbu ambayo hakuna anayeisoma. Suluhisho sahihi ni kumtengenezea mtumiaji huyo folda moja ndogo ya kazi na kumwelekeza huko. Suluhisho la hatari, linalopendwa na wenye haraka, ni kuiendesha programu kwa mamlaka ya msimamizi mkuu wa seva. Kufanya hivyo ni sawa na kumpa mpishi funguo za nyumba nzima kwa sababu hakuwa na funguo za jiko.

Vilevile haifai kuhariri picha wakati msomaji anasubiri ukurasa ufunguke. Seva inayopokea picha kutoka kwa watu inapaswa kuipokea, kumjibu mtumaji kwamba imefika, kisha kuiweka kwenye foleni. Programu nyingine huchukua picha moja moja kutoka kwenye foleni hiyo na kuzishughulikia kwa mwendo ambao mashine inaumudu. Kazi zisizo za haraka, kama kupitia upya hazina ya zamani, hupangiwa saa za usiku kwa kutumia cron, programu ya siku nyingi ya kuamsha kazi kwa ratiba.

Uzito wa faili na uzito wa kazi

Kosa la kawaida ni kupima kazi kwa uzito wa faili. Faili ya megabaiti nne ikifunguliwa haibaki na megabaiti nne. ImageMagick, kwa mpangilio wake wa kawaida wa toleo la sita, hutumia baiti nane kwa kila nukta. Picha yetu ya nukta milioni 12 basi inahitaji megabaiti 96 za kumbukumbu, na toleo jipya linaweza kuhitaji zaidi ya hapo. Wakituma picha watu 20 kwa wakati mmoja na zote zikafunguliwa pamoja, karibu gigabaiti mbili zitakuwa zimekwenda. Seva ndogo ya kukodi haina kiasi hicho, na ikiishiwa huanza kuua programu moja baada ya nyingine, tovuti yenyewe ikiwamo.

Mwenye nia mbaya anaweza kuutumia udhaifu huo. Picha ya rangi moja tupu yenye upana wa nukta 20,000 na kimo cha nukta 20,000 hubanwa ikawa faili ndogo sana. Ikifunguliwa, nukta zake milioni 400 hudai gigabaiti 3.2. Kwa hiyo seva inatakiwa kusoma vipimo vya picha kabla ya kuifungua, na kuikataa ikizidi mpaka. ImageMagick ina faili maalumu ya kuweka mipaka ya upana, kimo, kumbukumbu na muda wa kazi. Kuiacha faili hiyo bila kuigusa ni kuacha mlango bila komeo.

Kwa wenye hazina kubwa kuna pia libvips, iliyoandikwa kwa namna ya kusoma picha kipande kwa kipande badala ya kuipakia yote. Hutumia kumbukumbu ndogo zaidi, na kwa kazi ya kupunguza picha mara nyingi huwa na kasi kubwa kuliko ImageMagick.

Ukubwa wa kazi inayoweza kufanywa kwa njia hizi ulidhihirika mwaka 2007 katika gazeti la The New York Times. Gazeti hilo, lililoanzishwa mwaka 1851, lilikuwa na terabaiti nne za picha za kurasa zake za zamani, zilizokatwa vipande vipande. Mhandisi wake Derek Gottfrid alikodi kompyuta 100 za kampuni ya Amazon kupitia intaneti, akazigawia kazi ya kuunganisha vipande hivyo na kutengeneza faili za makala zipatazo milioni 11. Kazi ilimalizika kwa chini ya saa 24.

Mgeni anapokuja na silaha

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwenye seva msemo huo hugeuka. Kila picha inayotumwa na mtu asiyejulikana ni mgeni, na programu ya kuhariri ndiyo ya kwanza kumfungulia mlango.

Mei mwaka 2016 ilitangazwa kasoro kubwa katika ImageMagick, iliyopewa jina la ImageTragick. Programu hiyo ilikuwa ikitambua aina ya faili kwa kuangalia yaliyomo, si jina lake. Kwa baadhi ya aina za faili, iliita programu nyingine za seva ili zimsaidie, na anwani iliyomo ndani ya faili ilipachikwa kwenye amri bila kuchujwa vya kutosha. Mhalifu aliweza kuandika faili ya maandishi, kuipa jina la picha ya JPEG, na kuficha humo amri zake. Seva ilipojaribu kuipunguza picha hiyo, ilitekeleza amri za mhalifu. Kasoro ilizibwa, lakini somo lilibaki: jina la faili si ushahidi wa kilichomo.

Mwaka uliofuata mtafiti wa usalama Chris Evans alionyesha jambo jingine. Faili ya baiti 18 tu, iliyotumwa kupitia barua pepe ya Yahoo, iliweza kumrudishia mtumaji mabaki ya picha za watu wengine zilizopita kwenye kumbukumbu ya seva hiyo hiyo. Programu ilitenga nafasi ya picha mpya bila kuifuta kwanza, kama mwenye nyumba ya wageni anayempokea mgeni mpya bila kubadilisha shuka. Yahoo iliamua kuacha kabisa kutumia ImageMagick.

Hatari ya aina hiyo inaweza kujitokeza hata bila mhalifu, na lugha yetu inatoa mfano mzuri. Mpiga picha anatuma faili aliyoiita ng'ombe.jpg. Programu iliyoandikwa kizembe huchukua jina hilo na kulipachika ndani ya amri. Kwa programu inayosoma amri za Linux, ritifaa iliyo katika neno ng'ombe ni alama ya kufungua maneno ya kunukuu, hivyo itaendelea kusoma ikitafuta alama ya kufunga isiyokuwapo, na kazi itakwama. Tundu lililomkwamisha ng'ombe asiye na hatia ndilo ambalo mhalifu angepitisha amri yake. Kinga ni rahisi: seva ilipe kila faili jina jipya lenye herufi na namba tu mara inapopokelewa, na jina la mtumaji lihifadhiwe kando.

Siri iliyomo ndani ya picha

Simu na kamera za leo huandika ndani ya picha mambo mengi yasiyoonekana: saa iliyopigwa, aina ya kamera, na mara nyingi latitudo na longitudo za mahali. Desemba mwaka 2012, John McAfee, aliyekuwa akitafutwa na polisi wa Belize kwa mahojiano, alipigwa picha na waandishi wa jarida la Vice waliofuatana naye. Picha ilipowekwa kwenye tovuti, taarifa hizo hazikuwa zimeondolewa, na wasomaji waligundua kwamba alikuwa Guatemala.

McAfee alikuwa mtu maarufu. Fikiria sasa mkazi wa mtaani anayelitumia gazeti picha ya kiwanda kinachomwaga maji machafu mtoni, aliyoipiga kutoka uani kwake, akiomba jina lake lisitajwe. Jina halitatajwa. Lakini kama seva imepunguza ukubwa wa picha bila kuondoa taarifa za mahali, mtu yeyote mwenye ujuzi mdogo atafika mlangoni kwake. ImageMagick inapopunguza picha kwa kawaida haizifuti taarifa hizo hadi iagizwe.

Agizo la kuzifuta zote lipo, nalo ni -strip, lakini nalo lina matatizo yake. Kwanza, simu nyingi huhifadhi picha ikiwa imelala na kuandika kwenye taarifa hizo kwamba igeuzwe. Zikifutwa kabla picha haijageuzwa, mtu aliyesimama ataonekana amelazwa ubavu. Ndiyo maana -auto-orient hutangulia. Pili, maelezo ya rangi hupotea pia. Picha zilizoandaliwa kwa mtambo wa kuchapa magazeti hutumia mfumo wa wino nne, na zisipogeuzwa kuwa rangi za kioo kabla ya kufutwa maelezo hayo, nyuso za watu hutoka zikiwa na rangi za ajabu.

Tatu, na hili linagusa haki ya mtu, jina la mpiga picha huandikwa humo humo. Seva inayofuta kila kitu inamvua mpiga picha ushahidi kwamba kazi ni yake, na picha ikishaanza kuzunguka mitandaoni hatakuwa na cha kuonyesha. Njia ya haki ni kufuta taarifa za mahali na kubakiza jina la mwenye picha, pale ambapo mwenyewe ameridhia jina lake lijulikane. Programu ya ExifTool inaweza kuondoa sehemu ya mahali peke yake na kuacha nyingine. Inaongeza hatua moja katika mkupuo na haimgharimu mwenye tovuti chochote.

Nani anayeangalia

Pamoja na yote hayo, haifai kumuondoa binadamu kabisa. Mtambo haujui kwamba kukata pembe ya picha kumemtoa mtu wa tatu aliyetajwa kwenye maelezo, wala kwamba picha ya msiba haistahili kung'arishwa kama ya harusi. Kwa hiyo kila mkupuo uanze na picha 20 za majaribio, zikiwamo nyeusi na nyeupe, zilizolala na zilizosimama, za simu na za kamera kubwa, na mtu azitazame kabla zilizobaki hazijafuata. Mkupuo ukikwisha, idadi ya picha zilizoingia ilinganishwe na idadi ya zilizotoka, na zilizoshindikana ziorodheshwe kwa majina.

Mwenye tovuti asiye fundi hana haja ya kuzijua amri zenyewe. Inamtosha kumuuliza fundi wake maswali manne. Je, picha asilia zinahifadhiwa mahali ambapo mkupuo hauwezi kuzigusa? Je, programu ya kuhariri inaendeshwa kwa mamlaka ya chini na mipaka ya kumbukumbu? Je, faili inachunguzwa yaliyomo kabla ya kufunguliwa, na programu inasasishwa mara kwa mara? Je, taarifa za mahali alipokuwa mpiga picha zinaondolewa?

Fundi asiyeweza kujibu swali la nne apewe simu, atakiwe kupiga picha kutoka dirisha la ofisi huku kitambua-mahali kikiwa kimewashwa, aipitishe kwenye seva yake, kisha aisome kwa ExifTool nakala iliyotoka upande wa pili. Kama anwani ya ofisi ingali inasomeka humo, za wasomaji waliotuma picha zao zinasomeka pia.